Kona ya Kompyuta: Ulinzi wa memori umezimwa, sasa laptop inazima yenyewe

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, na karibu zote zinagusa mpangilio mmoja wa ulinzi wa Windows uitwao Memory integrity, ambao watu wanauzima wakitafuta kasi. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu hatua zake zinawahusu na wengine.

Swali

Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina stesheneri Nkuhungu. Ninatumia laptop ya mtumba, Intel Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, Windows 11. Ilikuwa nzito, nikaona video inayoelekeza kuzima Memory integrity ili iwe nyepesi. Nikaizima, kweli ikachangamka kidogo, lakini tangu hapo inaleta skrini ya bluu yenye maneno DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, hasa nikichomeka modemu ya intaneti. Mteja anakuwa amekaa mbele yangu anasubiri fomu yake. Kijana wa duka la jirani anasema Windows imekufa, nifute kila kitu niweke upya. Nifanyeje?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Jibu

Ndugu yetu, usifute kitu kwanza. Ujumbe huo unaanza na neno DRIVER, na wewe mwenyewe umeshataja modemu. Windows yako inaelekea kuwa nzima, ila kuna draiva mbovu iliyokuwa imezuiwa na sasa imeachiwa.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa: printa, modemu, kadi ya picha. Nyingi zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo programu kama Word haziruhusiwi kufika. Word ikikosea inajifunga peke yake na kazi nyingine zinaendelea. Draiva ya kwenye kiini ikikosea, Windows inasimamisha mashine nzima kwa makusudi ili mafaili yako yasivurugike, na hapo ndipo unapoona skrini ya bluu. Katika Windows 11 zilizosasishwa tangu mwaka 2025 skrini hiyo imekuwa nyeusi, ila maana ni ileile.

Memory integrity hutumia uwezo wa prosesa wa kuendesha mfumo zaidi ya mmoja ndani ya mashine moja. Kwa uwezo huo inatenga sehemu ya memori ambayo hata kiini cha Windows hakiwezi kuichezea, na ukaguzi wa draiva unafanyika humo. Sharti lake kubwa ni kwamba ukurasa wa memori ya kiini unaoweza kuandikwa hauruhusiwi kutekelezwa, na unaotekelezwa hauruhusiwi kuandikwa. Virusi wengi wanaoshambulia kiini wanahitaji vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana sharti hilo linawabana. Lakini draiva nyingi za zamani nazo ziliandikwa bila kulijali. Zikikutana na ulinzi huu hazipakiwi. Unaona taarifa ndogo pembeni ya skrini, A driver cannot load on this device, au kwenye Device Manager kifaa kinawekwa alama ya njano na Code 39. Mtu anaifunga taarifa hiyo, anaendelea na kazi, anasahau.

Ulipozima ulinzi na kuwasha mashine upya, draiva zilizokuwa nje ziliingia. Maneno uliyoyaona yanamaanisha kwamba draiva fulani ilijaribu kufikia anwani ya memori isiyopatikana wakati huo, katika hatua ambayo mfumo hauwezi kusubiri ipatikane. Hilo ni kosa la draiva. Kuzima ulinzi kumelifungulia njia tu.

Sasa kazi yenyewe. Nakili kazi za wateja kwenye flashi au diski ya nje kabla ya hatua yoyote. Halafu iandae mashine ikupe ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, bofya Settings. Ondoa tiki kwenye Automatically restart ili ujumbe ubaki kwenye skrini mpaka uusome. Chini yake, palipoandikwa Write debugging information, chagua Small memory dump. Ni faili la KB 256 tu, na litahifadhiwa ndani ya C:\Windows\Minidump kila mashine inapoanguka. Angalia pia, kwenye Advanced hiyohiyo, upande wa Performance, kama virtual memory, yaani sehemu ya diski inayotumika kama memori ya ziada, haijazimwa kwenye diski C. Video nyingi za kuongeza kasi zinaizima, na bila hiyo faili la ushahidi haliandikwi.

Mashine ikianguka tena, piga picha skrini kwa simu. Unatafuta vitu viwili: Stop code, na kama upo, mstari wa What failed wenye jina linaloishia na .sys. Jina likionekana hapo, umeokoa muda mwingi. Lisipoonekana, pakua WinDbg, programu ya kuchambua mafaili hayo ya ushahidi, bure kutoka Microsoft Store, fungua nayo faili la minidump, andika !analyze -v, usubiri. Mara ya kwanza inashusha data yake kutoka mtandaoni, kwa hiyo hakikisha bando linatosha. Katika majibu, tafuta mstari wa IMAGE_NAME.

Hapa wengi wanapotea, tukae kidogo. Ukikuta ntoskrnl.exe usiilaumu. Hicho ni kiini chenyewe cha Windows, na mara nyingi kimetajwa kwa sababu ndicho kilichogundua kosa lililofanywa na mwingine. Usihukumu kwa faili moja, linganisha matatu au zaidi. Jina lilelile la .sys likijirudia, umempata mhusika. Kila faili likitaja jina jingine, na namba za makosa nazo zikibadilika, acha draiva, soma jibu la msomaji wa Manyoni hapa chini, kwa sababu hapo RAM inashukiwa zaidi.

Jina ukishalipata, fungua C:\Windows\System32\drivers, bofya kulia kwenye faili hilo, chagua Properties kisha Details. Utaona kampuni iliyolitengeneza na toleo lake. Draiva ya mwaka 2010 ndani ya Windows 11 ni ya kutiliwa shaka tangu mwanzo. Mfano unaojulikana ni wdcsam64.sys, iliyokuja na diski za nje za WD. Toleo lake la zamani hukataliwa na Memory integrity, na ukiliondoa diski inaendelea kusomeka kwa draiva ya Windows yenyewe. Modemu za USB za miaka ile, dongo (dongle) za leseni, yaani vifaa vidogo vya USB ambavyo programu huvidai ndipo ikubali kufanya kazi, programu za kuchoma CD, na vijiprogramu vya kuongoza feni au kupandisha kasi ya prosesa nazo ni za kuangaliwa mapema.

Kuondoa kunafanywa kwa utaratibu. Tengeneza kwanza restore point, yaani hali ya mfumo unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, kupitia sysdm.cpl, sehemu ya System Protection. Chomoa modemu. Nenda Settings, Apps, Installed apps, uondoe programu yake, kisha bonyeza Restart. Usitumie Shut down hapa: Windows ikiwa na Fast Startup, Shut down huhifadhi hali ya kiini na kukirudisha kilekile mashine ikiwaka. Baada ya hapo andika Core isolation kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue, uiwashe Memory integrity. Ikikubali, Restart tena, umemaliza. Ikikataa, bofya Review incompatible drivers. Utapewa orodha ya draiva zinazozuia, kila moja na jina lake kwenye Windows, kwa mfano oem23.inf. Fungua Terminal kwa haki za msimamizi, andika:

pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Weka namba iliyo kwenye orodha yako, usinakili yetu. Usifute faili la .sys kwa mkono, na usiguse draiva ya diski inayobeba Windows, hata kama jina lake hulifahamu. Ukiigusa hiyo, mashine itakataa kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Modemu nyingi za zamani zina programu yao ndani, na ukizichomeka zinataka kuweka draiva upya. Ukikubali umerudi mwanzo. Kwa ofisi kama yako tunashauri uachane nayo kabisa. Tumia hotspot ya simu, au modemu ya aina inayoonekana kwenye kompyuta kama kadi ya mtandao na kufunguliwa kwa kivinjari. Hiyo kwa kawaida haidai draiva ya pekee.

Kuhakikisha ulinzi umerudi, bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Karibu na mwisho wa ukurasa wa kwanza, kwenye mstari wa Virtualization-based security Services Running, unatakiwa kuona Hypervisor enforced Code Integrity. Swichi kuonekana imewashwa hakutoshi.

Rudi pia kwenye ile video ukague kila ilichokuamuru, maana mara chache zinaishia kwenye swichi moja. Kama ulinakili amri ya bcdedit yenye hypervisorlaunchtype off, irudishe kwa bcdedit /set hypervisorlaunchtype auto, la sivyo Memory integrity haitafanya kazi hata ikionekana imewashwa. Kama ulibadili nx kuwa AlwaysOff, hilo ni baya zaidi, kwa sababu umezima ulinzi mwingine kabisa, wa programu za kawaida. Andika bcdedit /set nx OptIn. Kama uliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ukazima Virtualization, iwashe tena. Na kwenye ukurasa wa Core isolation hakikisha Microsoft Vulnerable Driver Blocklist imewashwa. Hiyo ni orodha ya draiva ambazo wavamizi wanazijua na kuzitumia, na kwa mtu anayepokea flashi za wateja siku nzima, ni ulinzi wa lazima.

Swali

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilizima Memory integrity ili programu ya maabara ikubali dongo yake. Baada ya kuweka draiva ya dongo, laptop haifiki tena kwenye desktop. Inaonyesha nembo, inaanguka, inajiwasha, inaanguka. Ripoti yangu ya mradi imo humo.
*Mwanafunzi, UDOM*

Jibu

Marahaba. Ripoti yako inaelekea iko salama, kwa sababu draiva inayoangusha Windows haifuti mafaili. Acha tu kuiwasha na kuizima bila mpango.

Ingia kwenye mazingira ya ukarabati. Washa mashine, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi mpaka izime. Ukirudia hivyo mara mbili au tatu mfululizo, Windows itajipeleka yenyewe kwenye Automatic Repair. Chagua Advanced options, Troubleshoot, Advanced options tena, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Hiyo ni Safe Mode, ambamo draiva nyingi za kampuni nyingine hazipakiwi. Mashine ikitulia humo, umethibitisha kwamba tatizo ni draiva. Nakili ripoti sasa hivi, kabla hujaendelea.

Njiani inaweza kukuomba ufunguo wa BitLocker (mfumo wa Windows wa kufunga diski isisomwe na mwingine) wenye tarakimu 48. Tumia simu kuingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa, utaukuta chini ya recovery keys. Kwa wenye laptop za mtumba hili ni la kushughulikia mapema: kama mashine iliwashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya mtu mwingine, ufunguo uko kwake. Mashine ikiwa bado nzima, andika Manage BitLocker au Device encryption kwenye kutafuta, uone kama imefungwa, na uhifadhi ufunguo mpya kwenye karatasi.

Ndani ya Safe Mode programu nyingine zinakataa kuondolewa, kwa sababu huduma ya Windows Installer haifanyi kazi humo. Usihangaike nazo. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, tafuta jina la kampuni ya dongo na tarehe yake, kisha uifute kwa amri tuliyompa msomaji wa Nkuhungu. Au tumia System Restore urudi siku ya kabla ya kuweka draiva. Kama kuna mtu alikuelekeza kuendesha Driver Verifier, andika verifier /reset, maana kazi ya chombo hicho ni kuibana draiva mpaka ianguke, na kikiachwa kinaweza chenyewe kuifanya mashine izunguke hivyo bila mwisho.

Usiwashe Memory integrity kwa kubadili rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) kabla draiva mbovu haijaondoka. Ikiwa draiva hiyo inahitajika wakati wa kuwaka, unaweza kupata tatizo jipya juu ya la zamani. Na dongo yenyewe, mwombe mwalimu wa maabara draiva mpya ya mtengenezaji. Ikiwa haipo, programu hiyo iwekwe kwenye kompyuta moja ya maabara isiyobeba kazi za watu.

Swali

Wahariri, nawasalimu. Nami nilizima Memory integrity, laptop ikaanza kuanguka. Nimeiwasha tena, bado inaanguka. Leo inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. Wiki hiyohiyo niliongeza RAM iliyotoka kwenye laptop nyingine iliyovunjwa.
*Mwalimu, Manyoni*

Jibu

Mwalimu, sentensi yako ya mwisho inatupa shaka kuliko zote zilizotangulia. Kuwasha ulinzi hakukusaidia, na makosa yanabadilika kila siku. Draiva moja mbovu kwa kawaida ina tabia moja. RAM mbovu humpiga yeyote aliyetokea kutumia eneo bovu wakati huo, ndiyo maana majina yanabadilika.

Jaribu la haraka limo ndani ya Windows: Windows na R, andika mdsched.exe, mashine iwake upya, bonyeza F1 uchague Extended. Majibu utayakuta kwenye Event Viewer, Windows Logs, System, chini ya MemoryDiagnostics-Results. Lakini kipimo hicho kinaweza kupitisha RAM yenye kasoro ndogo. Cha kuaminika zaidi ni MemTest86. Kiweke kwenye flashi tupu, kwa sababu kitaifuta yote, waka kutoka kwenye flashi hiyo, na uiache mashine kwenye chaja usiku kucha ikamilishe mizunguko minne inayotolewa bure. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Hakuna kiasi kidogo cha makosa kinachokubalika.

Makosa yakitokea, zima mashine, chomoa chaja, tenganisha betri, utoe kadi moja ya RAM. Pima iliyobaki peke yake. Kisha ibadilishe nafasi: kosa likihama na kadi, kadi ni mbovu, likibaki kwenye nafasi ileile kadi yoyote ukiiweka humo, tundu la bodi lina kasoro au uchafu. Meno ya dhahabu ya kadi yafute taratibu kwa kitambaa laini chenye spiriti kali, uyaache yakauke.

Kuna jambo mafundi wengi wanalipita. Kama laptop yako ni ya kipindi cha DDR3, aina ya RAM iliyoitangulia DDR4, soma kibandiko cha kadi. DDR3L hutumia volti 1.35 na DDR3 ya kawaida hutumia 1.5. Zote zina pini 204 na zinaingia tundu lilelile, lakini laptop iliyotengenezwa kwa DDR3L inaweza kukataa kuwaka na ile nyingine, au ikawaka na kuyumba. DDR4 ina pini 260 na volti 1.2, hiyo haiingii kimakosa.

Swali

Yangu haitoi bluu wala nyeusi yenye maandishi. Mchana inakata tu kama taa. Niliambiwa ni kwa sababu nilizima Memory integrity.
*Msomaji, Kondoa*

Jibu

Tunatilia shaka maelezo hayo. Draiva ikikosea, kwa kawaida Windows inapata muda wa kuandika kosa. Mashine inayokata bila neno imekosa umeme au imejizima kwa joto.

Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute Kernel-Power yenye namba 41, ufungue Details. BugcheckCode ikiwa 0, hapakuwa na skrini ya kosa. Ikiwa na namba nyingine, ilikuwepo ila hukuiona: 209 ni ile ya msomaji wa Nkuhungu, 26 ni MEMORY_MANAGEMENT. Namba hapo zimeandikwa kwa hesabu ya kawaida, wakati mitandaoni utazikuta kama 0xD1 na 0x1A.

Betri ipime kwa amri powercfg /batteryreport. Linganisha FULL CHARGE CAPACITY na DESIGN CAPACITY. Ikiwa imebaki chini ya nusu na mashine inakata ukigusa waya wa chaja, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ikiwa betri ni nzima, geukia joto. Ukanda wetu una miezi mingi ya kiangazi chenye vumbi laini, na Oktoba na Novemba joto la mchana linaongezeka juu yake. Vumbi hilo linajaza mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni, likashikana kama blanketi, hewa isipite. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Fungua kifuniko cha chini, tenganisha betri, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, piga mapezi kwa brashi laini kutoka upande wa kutokea hewa. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka na kupasuka, ifute kwa spiriti, uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Kaza skrubu za kipozeo kwa kufuata namba zilizochapwa juu yake, kidogo kidogo, usimalize moja ndipo uende nyingine. Prosesa nyingi za Intel za laptop hujizuia zikifika karibu na nyuzi 100. Yako ikipita 90 huku umefungua Word pekee, upoaji umeshindwa.

Swali

Laptop yangu ni Core i5 kizazi cha 6. Nikizima Memory integrity naona kabisa inakuwa nyepesi. Je, ni mawazo yangu?
*Msomaji, Mpwapwa*

Jibu

Si mawazo. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7, na za AMD kuanzia Zen 2, zina msaada wa ndani unaopunguza gharama ya ukaguzi huu. Zilizo chini ya hapo zinauigiza kwa programu, na uzito unaonekana. Microsoft wenyewe waliwahi kuwaeleza wacheza gemu kwamba kuuzima kunaweza kuongeza kasi, wakaongeza kwamba wauwashe tena wakimaliza kucheza.

Hata hivyo, kwa mashine ya umri huo tungeanza kwingine: diski ya SSD badala ya ile inayozunguka, RAM ifike GB 8, na programu zinazojiwasha zipunguzwe kupitia Task Manager, Startup apps. Ukishafanya hayo matatu, pima tena. Ukiona bado ni lazima uuzime, ondoa kwanza kila draiva iliyo kwenye orodha ya Review incompatible drivers, usiweke programu za kuvunjwa leseni, na blocklist ibaki imewashwa. Na kumbuka kizazi cha 6 hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, huku msaada wa kawaida wa Windows 10 ukiwa umekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ina sababu zaidi ya kubaki na ulinzi wake.

Swali

Kompyuta ya ofisi imeanguka na fundi wa nje anataka nimtumie faili la MEMORY.DMP. Nimpe?
*Mtumishi, Mtumba*

Jibu

Hapana. Faili hilo linaweza kubeba nakala ya sehemu kubwa ya memori ya mashine ilipoanguka, na humo kunaweza kuwa na vipande vya nyaraka na hata nywila. Mwite afisa TEHAMA wa taasisi yako. Kwa kazi ya kutambua draiva, minidump ya KB 256 kwa kawaida inatosha, na hata hiyo itoke kwa ruhusa yake. Usijaribu pia kuzima au kuwasha Memory integrity mwenyewe. Ukikuta swichi ni ya kijivu na imeandikwa This setting is managed by your administrator, imefungwa kutoka kwenye mfumo wa taasisi, na huko ndiko inakobadilishwa.